Mwandiko wa Hilda Mlangoni

Sogeeni, wanangu, msikae huko ukutani kama watu walioitwa kulipa ushuru. Tobias, wewe ndiye mkubwa sasa, kaa hapa penye kichwa changu, na wewe Devotha shika huu mto unaoniteleza, maana nikilala chini sana pumzi inagoma na maneno yanakwama kifuani, na leo maneno ndiyo mali pekee ambayo bado sijaigawa. Mlango uacheni wazi. Mama yenu amekaa pale kizingitini anachambua usipa, hao dagaa wa ziwani, na ndivyo ninavyotaka, asikie kila neno huku mikono yake ina kazi, kwa kuwa namjua, akikaa bure akinitazama nitashindwa kusema. Na mjomba wenu William asiambiwe atoke. Nyumba ni yake, kitanda ni chake, na hata uji niliokunywa asubuhi ni wake, mimi ambaye zamani nilimwacha amesimama nje ya nyumba yangu.

Najua mmeshuka milima yote ile hadi hapa Mbamba Bay mkiwa na swali moja, nani atashika bekari, nani atachukua gari, na kahawa ya Litembo itakwenda kwa nani. Mtapata jibu, na halitachukua muda, kwa maana nilivyo navyo si vya kujaza masikio ya watu. Lakini mzee anayegawa mali kabla hajanyoosha moyo wake anawagawia watoto na ugomvi wake humo humo, nao wanakuja kuukuta siku wanapochimba msingi wa nyumba. Kwa hiyo nivumilieni nianze na dada yenu Hilda.

Devotha, wewe ulikuwa bado mtoto wa shule ya msingi alipofariki, na Tobias ulikuwa masomoni Songea, hivyo kila mmoja wenu ana kipande chake tu cha Hilda. Alikuwa uzao wangu wa kwanza na alinishinda tangu mwanzo. Nilitaka ashike jembe tufufue mashimo ya ngoro aliyochimba babu yenu mlimani ya kulimia, tuongeze na miche ya kahawa, naye akaniambia, "Baba, kahawa inalipa mara moja kwa mwaka, na watu wanakula kila asubuhi." Akaenda kwa masista akajifunza kuoka, akarudi, akafyatua matofali kwa mikono yake, akajenga tanuri nyuma ya nyumba yetu pale Mbinga. Mikate ya kwanza iliungua, tukawapa nguruwe, na nguruwe mmoja akainusa akageuka akaenda zake. Tulicheka siku ile hadi mama yenu akakaa chini.

Mikate ilipoanza kuiva vizuri, wenye maduka wakawa wanawaambia wateja kwamba imetoka Songea, ili ionekane ya maana. Hilda aliposikia hakugombana na mtu. Alinunua kalamu ya wino mzito akaanza kuandika jina lake kwenye kila mfuko wa karatasi, mmoja mmoja, akisema, "Mkate usio na jina ni yatima, kila mpita njia anaweza kujiita baba yake." Mnaukumbuka mwandiko ule. Herufi ya kwanza, ile H, mguu wake mmoja ulishuka ukapita chini ya jina zima, kama mtu aliyetoka shamba akanyoosha mguu kivulini. Watu wasiojua kusoma waliutambua mkate wake kwa mguu ule. Jumapili alikuwa akienda kukomunika vidole vimejaa wino, na padri akawa anamtania kwamba siku ya hukumu Mungu atamtambua kwa alama za vidole.

Kisha masika yakaja na homa ikaja nayo. Tulimpeleka Peramiho, wakafanya walichoweza, akatuacha. Mama yenu ndiye aliyemwosha. Alitoka chumba kile akaniambia neno moja tu, "Wino umekataa kutoka." Mimi nililisikia neno lile kama neno la mtu aliyefiwa, nikalipita. Laiti ningesimama nikaliuliza maana yake, leo nisingekuwa nawatoa machozi.

Nikaacha jembe nikashika tanuri, kwa sababu sikutaka moto wa mtoto wangu uzimike. Hakuwepo mtu aliyeweza kuandika kama yeye, kwa hiyo mifuko ikaanza kuchapwa kwa mashine, herufi za kawaida, na kibao cha juu ya mlango nacho fundi wa rangi alikiandika kwa herufi zake za mraba kama anazoandikia magari ya abiria. Mama yenu hakulalamika. Alipokuwa akipita chini ya kibao alikuwa akiinua macho, basi.

Miaka ikaenda, lami ikafika, na pamoja na lami ikafika mikate ya watu wengine, laini, myeupe, imefungwa vizuri, inashuka na magari ya alfajiri. Maduka yakaanza kuturudishia mikate yetu ikiwa imekauka. Ndipo wewe, Tobias, ukaja na wazo lako. Ulisema, "Baba, tuwape wenye maduka makapeti ya mlangoni, yenye nembo yetu, bure. Kila duka linalouza mkate wa Hilda liwe na kapeti la Hilda." Nikakuuliza kwa nini tusipake rangi kuta, nawe ukanijibu jibu ambalo hadi leo nalisifu, "Ukutani nani anatazama? Masika watu wa Mbinga wanatazama miguu yao." Ilikuwa kweli. Udongo wetu mwekundu mnaujua, mvua ikinyesha unamfuata mtu hadi kitandani. Na ukasema nembo isiwe herufi za mashine, iwe mwandiko wake mwenyewe. Ulikuwa umetunza mfuko mmoja wa zamani ndani ya Biblia yako, wa mwisho, na wenye mtambo wa makapeti kule Dar es Salaam walitaka waone karatasi yenyewe. Ukautuma kwa basi. Haukurudi.

Usiiname, Tobias. Sikukuita hapa nikupake matope. Watu watasema wazo lilikuwa la Tobias, na ninyi mtawajibu hivi: Tobias alileta wazo la kapeti, wazo la kukanyaga lilikuwa la baba yake. Ngojeni mtaona.

Makapeti yalifika yamekunjwa kama magogo, ya kahawia, mwandiko kwa rangi ya njano, na nilipofungua la kwanza nilishikwa na furaha ya kitoto, kwa sababu sikuwa nimeuona mguu ule wa H kwa ukubwa namna ile. Nililitandika mwenyewe kwenye mlango wa bekari. Mama yenu akatokea kanisani na mwavuli wake. Akafika mlangoni, akasimama. Nikamwambia, "Karibu, Mama Hilda, ingia uone mwanao anavyopokea wageni." Alichuchumaa akaligusa jina kwa kidole, akauliza, "Hiki wamekitoa wapi?" Nikamweleza habari ya mfuko. Akauliza tena, "Na watu watakuwa wanapita wapi?" Nikacheka nikasema, "Juu yake, wapi tena?" Akainuka, akazunguka nyumba, akaingilia mlango wa nyuma, kule kwenye kuni na majivu. Tangu siku hiyo mlango wa mbele hakuutumia tena.

Jioni ile ile alinisihi. Hakupiga kelele, na ninyi mnajua mama yenu si mtu wa kelele. "Baba Hilda, yaweke ukutani. Yafanye mapazia, yafanye chochote. Hayo si maandishi tu, ule ni mkono wake." Nikamwambia kwamba makapeti yameshafika, wenye maduka wameshaahidiwa, na kwamba jina la mtu likitajwa na wengi ndilo linaloishi. Nilikuwa na jibu kwa kila neno lake. Jihadharini na siku ambayo mna jibu kwa kila neno la mtu anayelia.

Na biashara, wanangu, ilipanda. Siwezi kusimama mbele ya kifo nikasema uongo kwamba haikupanda. Mwenye duka akipewa kapeti anaona aibu kuurudisha mkate wako. Mteja akiingia anakuona, akitoka anakuona, na mvua ikinyesha anakuhitaji. Tukafika Kitai, Devotha ukafungua duka lako pale kituo cha mabasi. Tukafika Kingerikiti, tukashuka hadi huku ziwani. Wengine wakatuiga, duka la dawa, saluni, hata wenye kukoboa kahawa wakaagiza makapeti yao. Niliitwa kwenye semina ya wafanyabiashara nieleze siri yangu, nikaeleza, wakanipigia makofi, nikarudi nyumbani nimevimba kichwa. Lakini hapo nimeruka mbele, turudi.

Kabla ya semina ile mama yenu alikuwa ameanza kuosha. Alikuwa akichukua beseni, brashi na kipande cha sabuni, anakwenda duka kwa duka pale mjini, anamwamkia mwenye duka kwa adabu, anaomba kapeti, analisugua mpaka njano inang'aa, analirudisha, anakwenda duka linalofuata. Kesho yake matope yamerudi, naye amerudi. Mwanzoni watu walidhani ni utaratibu wa kampuni, wakasifu. Baadaye wakaanza kunong'ona kwamba Mama Hilda kichwa kimemruka, na minong'ono ikafika kwenye masikio yangu ikiwa imeongezwa chumvi. Nikamkataza. Akanisikiliza, akaendelea.

Siku ya gulio, mvua imetoka kunyesha, nikaambiwa yuko dukani kwa Bernadi, pale karibu na stendi, amepiga magoti barabarani. Nikaenda nimevaa viatu vyangu vya mvua. Nikakuta watu wamemzunguka. Nikamwambia, "Mama Hilda, inuka twende nyumbani."

"Nikimaliza."

"Watu wanatutazama."

Akasema bila kuinua macho, "Mama akimwosha mtoto wake, watu wana nini cha kutazama?"

Mtu mmoja akacheka, sikumjua ni nani, wala haikuhusu, mimi nilisikia kana kwamba Mbinga nzima imecheka. Wazee walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, lakini mimi nilijikwaa ulimi na miguu yote miwili kwa mpigo. Nilisema kwa sauti kubwa, "Hili ni kapeti! Limetengenezwa likanyagwe!" Nikapanda juu yake. Lilikuwa limetoka kusafishwa, bado lina povu. Nikapangusa kiatu cha kulia, nikapangusa cha kushoto, polepole, juu ya jina la mtoto wangu, nikimtazama mama yake usoni ili aone kwamba ni kitu kidogo. Brashi ilikuwa bado mkononi mwake. Hakulia. Alimwaga maji ya beseni mtaroni, taratibu, asimrushie mtu, akapita njia ya nyuma kwenda nyumbani. Bernadi aliingia ndani ya duka lake akanipa mgongo, na hilo nalo nililiona ni dharau.

Asubuhi mama yenu akapanda gari akarudi huku kwao. Hakuchukua kitu zaidi ya nguo zake na beseni lile.

Mjomba wenu William akapanda Mbinga kutusuluhisha, kama inavyompasa kaka wa mke. Alileta samaki, mbasa wakubwa waliokaushwa, amewabeba begani. Akafika mlango wa bekari akasimama, akaniambia, "Shikamoo shemeji. Nimekuja tuzungumze. Toa hilo kapeti kwanza nipate kuingia." Mkubwa wangu angesema hivyo ningemtii, lakini nilimwona kijana wa ziwani anakuja kunipangia nyumba yangu, nikamjibu, "Mlango ni mpana, pita pembeni." Akaweka samaki chini, mahali pakavu, akaondoka. Sikumwita. William, najua uko hapo nyuma ya mlango, nasikia kikohozi chako. Samaki wale niliwala. Niliwala peke yangu na kila mfupa ulinichoma.

Tangu hapo nilikuwa mtu wa kusifiwa nje na kukaa kimya ndani. Nimetoka semina, nimepigiwa makofi, nafungua mlango wa nyumba, sina wa kumwambia. Devotha, ulikuwa ukishuka huku kumwona mama yako, nikakutuma umuulize kama bado ana hasira, nawe ukarudi na jibu lake, "Mwambie baba yenu sina hasira. Sina pa kukanyaga." Nilikaa na maneno hayo mwaka mzima nikijifanya siyaelewi.

Kilichonivunja kilikuwa kitu kidogo. Nilifika bekari asubuhi moja nikatazama chini, nikaona ule mguu wa H umefutika. Pale unaposhuka ndipo watu wengi wanapoweka kisigino, na visigino vilikuwa vimeula wote. Nikasema moyoni, nitautafuta mwandiko wake mahali pengine, nikapekua kila mfuko, kila boksi la stoo. Hakuna. Mifuko ya zamani watu walikula mkate wakaitupa, mmoja uliobaki ulipotea Dar es Salaam, kibao ni cha fundi. Mwandiko wa mtoto wangu ulikuwa umebaki duniani mahali pamoja tu, kwenye makapeti, na mimi ndiye niliyewaalika watu wa wilaya mbili waje waufute kwa miguu. Na mama yenu alikuwa ameliona hilo siku ya kwanza. Alikuwa anaosha ili asimpoteze mara ya pili. Ndipo nikalikumbuka lile neno lake la siku ya msiba, kwamba wino umekataa kutoka, nikaketi kwenye gunia la ngano, nikalia mbele ya wafanyakazi, wakadhani nimepata habari ya kifo. Nilikuwa nimeipata, ila ilichelewa miaka.

Sikuyaondoa makapeti hata hapo. Nitawaambia ukweli huo ili msije mkanifanya mtakatifu. Niliogopa mikate isije ikarudi. Nikaanza tu na mimi kuingilia mlango wa nyuma, kama mwizi wa mali yake mwenyewe, na kwa wageni nikasema ni kwa sababu ya miguu, maana miguu nayo ilikuwa imeanza kuvimba. Daktari akasema ni moyo. Nilitaka kumwambia hilo nilikuwa nalijua.

Ndipo nikashuka huku. Mama yenu alinipokea kituoni, akanishika mkono, akaniogesha, akanipikia. Nilimtarajia anitukane, nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, lakini ananihudumia kama mgonjwa yeyote, na wema wake unanielemea kuliko ugonjwa. Nimekaa naye chini ya paa hili masika na kiangazi, na sijamwomba msamaha kwa kinywa changu. Kila nikitaka kusema tuko wawili tu, nanyamaza, kwa sababu kosa nililifanya hadharani na kosa la hadharani haliombewi radhi chumbani. Ndiyo maana nimewaita. Ninyi ndio hadhara yangu, sina nyingine ninayoweza kuifikia.

Mama Hilda. Acha kidogo hao samaki, sogea karibu. Eliza, mke wangu, mbele ya watoto wako na mbele ya kaka yako, mimi Mansuetus nilimkanyaga mtoto wetu ili watu wasinicheke. Nilikukanyaga na wewe. Sikuwa nimelewa, sisingiziwi, sikutumwa na mtu. Nakuomba msamaha.

Nini? Sema kwa sauti, mama, wasikie nao.

Mmesikia? Amesema mimi alikwisha kunisamehe siku niliyoshuka garini nimevaa kiatu mguu mmoja na kandambili mguu mwingine. Amesema asiyeweza kumsamehe ni yeye mwenyewe, kwamba aliita ule mwandiko mwanawe, kisha akapanda gari akamwacha akikanyagwa, hakurudi hata siku moja kutazama. Hapana, Mama Hilda, hapana. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, lakini huo hukujichoma, nilikuchoma mimi. Mzigo huo uuweke hapa kifuani pangu, niende nao. Usinikatalie na hilo.

Devotha, nipe maji. Kidogo. Basi.

Tobias, nilikwambia katika simu ulete lile kapeti moja lililobaki stoo, ambalo halijatandikwa popote. Umelileta? Usilifungue sakafuni! Mpe mama yako mikononi. Lifungue magotini pake, hivyo. Mtazameni. Anapitisha kidole kwenye ule mguu wa H tangu juu hadi mwisho wake. Acheni amalize, msiseme kitu.

Haya, sikilizeni sasa, maana naona pumzi inahesabika. Nilitaka kuwaambia makapeti yote yachomwe moto, lakini sina haki tena ya kuamua juu ya mkono wa Hilda. Mwenye neno ni mama yenu, aseme mwenyewe. Mmemsikia? Amesema yaliyofutika kabisa muyaache, hayo ni matambara, yafie kazini. Yenye herufi hata moja inayosomeka muyalete hapa kwake. Mmeagizwa. Dukani kwa Bernadi, Tobias, usitume dereva. Nenda mwenyewe, siku ya gulio, watu wakiwa wamejaa, uinue kapeti lile kwa mikono yako na useme kwa sauti, "Baba yangu alikosea mahali hapa." Watacheka. Waache wacheke. Mimi niliogopa kicheko cha mtu mmoja na mnaona kilinifikisha wapi. Na Bernadi umwamkie kwa niaba yangu, mwambie ule mgongo alionipa ulikuwa haki yake.

Wenye maduka msiwanyang'anye bila kuwapa kitu, matope bado yapo na biashara bado ipo. Devotha ana wazo zuri, alinieleza jana. Nilimwambia achore mkate, akanikemea, "Baba, na mkate nao watu waukanyage?" Kweli kabisa. Yawe makapeti ya mistari, kahawia na njano, rangi zetu zile zile, bila jina la mtu. Kwa miaka yote hii macho ya watu yamekwisha kuzoea rangi hizo, wataujua mlango unaouza mkate wetu. Jina likae kwenye mfuko, mtu alishike kwa mkono. Tangazeni biashara yenu, wanangu, msione haya kuitangaza, lakini kabla hujaweka kitu chini ya miguu ya watu, muulize anayekipenda.

Bekari ni yenu wawili, hakuna mkubwa wala mdogo, na mama yenu akisema hapana, iwe hapana. Nyumba ya Mbinga ni yake, akitaka kuishi humo au akitaka kuifunga. Gari libaki na Devotha, njia ya Kitai ni ndefu. Tobias, kahawa ya Litembo ni yako, na yale mashimo ya ngoro usiyauze, mzee wangu aliyachimba akiwa na njaa. William... shemeji, njoo nikuone. Nilikuacha mlangoni. Wewe umenipa kitanda. Sina cha kukulipa, naomba mkono wako tu. Ahsante. Ahsante, ndugu yangu.

Kuzikwa... nilikuwa nataka Mbinga, karibu na Hilda. Mama yenu ndiye atakayesema. Akisema huku, basi huku. Msibishane naye.

Pigeni magoti, nifike vichwani mwenu. Mikono yangu mizito leo. Tobias, mwanangu, Mungu akupe uso usioogopa watu. Devotha, ulimi wako... Mungu autunze, uendelee kutukemea. Mkate wenu usikauke dukani. Watoto wenu wasi... wasione haya kuwataja. Mlango wenu...

Siwezi. Inakatika.

Mama Hilda, malizia wewe. Siku ile nilikunyamazisha mbele ya watu. Hawa ni watu. Weka mkono wako juu ya wangu, hapo, na useme unalotaka kusema juu yao, na juu yangu, refu au fupi.

Sema, mama. Nasikiliza.